Kalibri ya Bernardine

Kilabu cha kulenga shabaha cha mtaa wa Kavimvira kilikuwa na pesa za bastola moja tu, na Bernardine ndiye aliyeambiwa achague. Muuzaji aliweka mbili mezani, kila moja na kalibri yake, yaani unene wa risasi zake. Ya milimita tisa ilijaza kiganja. Risasi za ile ndogo, ya ishirini na mbili kwa mia ya inchi, zilikuwa nyembamba kama njiti.

"Chukua kubwa, mama," kocha alimwambia. "Hii ingine iko ya watoto. Watakucheka."

"Pesa yenye itabakia, kwa hii kubwa itanipa risasi mia ine. Kwa hii ndogo, elfu mbili. Acha wacheke. Minye nitakuwa napiga kila siku."

Akapiga kila siku kwa miezi mitatu, mpaka kidole cha shahada kikaota sugu.

Siku ya mashindano, Bernardine alisimama wima, akashusha pumzi, akafyatua mara kumi. Mwamuzi alikagua karatasi mara mbili. Matundu tisa yalikuwa katikati kabisa. Mshindani aliyemfuata alikuwa na sita.

"Ni minye nilimufundisha!" kocha alipiga kelele.

Mwamuzi alichukua kalamu. "Jina?"

"Bernardine," alijibu kwa sauti iliyofika nyuma ya uwanja. "Andika na Kavimvira."