Programu Ilijichagulia x

Mhandisi alikuwa akiyapitia tena mahesabu ya breki za lifti mpya, kidole chake kikaganda kwenye skrini. Asubuhi aliiamuru programu ikokotoe kasi ya badiliko la mahali ilipo lifti, akasahau kuitajia badiliko lipimwe kwa herufi ipi, kosa analowafokea wenzake kila wiki. Usipoitajia, hujichagulia x. Na x ilikuwa uzito wa mzigo. Muda ulikuwa t.

Basi namba aliyowapa mafundi haikuwa kasi ya lifti hata kidogo; ilipima badiliko kwa kila kilo ya mzigo, si kwa kila sekunde.

Akampigia mdogo wake, fundi wa majaribio.

"Uko wapi?"

"Ndani ya lifti, dada, ghorofa ya tisa. Breki nimezirekebisha kwa namba yako ileile."

"Toka humo!"

"Sauti inakatakata, dada. Milango inafunga. Nitakupigia nikifika chini."