Maji Juu ya Kaburi

Kwenye mazishi, mwinjilisti alikataa kumwombea Zefania, aliyechoma nyumba ya jirani na kumuua binti aliyekuwa ndani. "Fungu la waovu ni ziwa la moto," alisema, akaondoka. Waombolezaji wakamfuata. Bi Perusi, mama yake Zefania, akabaki peke yake akichota maji ndooni kwa kata na kuyamwaga juu ya kaburi.

Marselina, mama wa yule binti, akamkaribia. "Unafanya nini, mama?"

"Nampoza mwanangu. Najua hayamfikii."

"Wangu naye alilia maji mle ndani."

Bi Perusi akapiga magoti, akamnyooshea kata iliyojaa maji. Marselina akaipokea. Akasimama nayo juu ya kaburi, maji yakimdondokea miguuni.