Vishimo Vinne vya Dashibodi

Mwenye gari la kale la Rover alipapasa vishimo vinne kwenye mbao ya dashibodi. "Hivi navipiga msasa leo leo."

"Thubutu!" mtaalamu wa magari ya Kiingereza akang'aka, miwani imemshuka puani. "Hiyo alama ya kiwandani. Ukiifuta, umeliua gari."

Wapenzi wa magari ya kale wakajazana kwenye mlango wa gari kuchungulia.

"Si tumuulize mama aliyeliuza? Yule pale," mmoja wao akasema.

Mama alisogea, mkoba kifuani, macho makavu. Vishimo vile aliving'ata mwanawe alipokuwa akiota meno, yeye mama amempakata kiti cha mbele. Gari liliuzwa wiki ileile waliyomzika.

"Mama, mlipolinunua mlivikuta?" mwenye gari akauliza.

Alivitazama kama mtu anayetazama vitu vya watu.

"Tulivikuta," akasema. "Vya kiwandani. Msiviguse."