Tambuu ya Babu

"Nani amemfuta Babu midomo?" Sokhom alifoka, mpaka watalii wote katika jumba la makumbusho wakageuka.

Babu alikuwa mungu wa jiwe mwenye mikono minne. Sasa alisimama juu ya kiweko, midomo ya kijivu kama ya mgonjwa. Kijijini midomo hiyo ilikuwa myekundu. Kila mwaka, kabla ya jembe la kwanza kugusa shamba la mpunga, Sokhom alimpaka tambuu aliyoitafuna mwenyewe, kama alivyofanya mama yake.

"Tulisafisha madoa, bibi," alisema mlinzi. "Na huyu si babu yenu. Ni Vishnu, ana miaka elfu na mia tatu."

"Vishnu ni jina la ofisini. Kwetu ni Babu, na ana njaa."

"Si tuliwapa mwingine wa saruji badala yake? Mlisheni huyo."

"Tumemlisha! Mwezi wa pili huu hakuna mvua, na hakuna anayethubutu kulima. Mmemchukua mzee wa watu, halafu mnamnyima hata tambuu?"

Alitoa tambuu mdomoni, akashika mkono mmoja wa jiwe, akapanda kiwekoni. Mdomo wa chini wa Babu ukaanza kuwa mwekundu. Kengele ikalia. Mlinzi akadaka pindo la saruni ya Sokhom.

"Shuka, bibi, au nakuvuta!"

"Vuta tu, mjukuu wangu," alisema bila kugeuka, akihamia mdomo wa juu. "Ndani sikuvaa kitu, na wageni wako wote wana kamera."