Rangi ya Maji ya Wiebke

Samaki wa Wiebke walikuwa juu ya maji ya tangi lao la kioo, wakitweta midomo wazi. Ni wale wale walioninyang'anya kikombe cha wafugaji samaki hapa Bremen miaka mitatu mfululizo.

"Wapime, jirani, wewe si daktari wao? Kesho waamuzi wanapita nyumba kwa nyumba! Nimesafisha kila kitu, hata sponji za chujio nimezichemsha. Nyeupe pee! Wako vipi, bado wamepauka?" Wiebke aliita kutoka jikoni.

Katika uchafu wa sponji ndimo wanamoishi vijidudu wanaokula sumu ya mavi na mabaki ya chakula. Aliwachemsha wote.

Nilichota maji kwenye kichupa, nikadondoshea dawa ya kupimia. Maji salama hubaki manjano. Haya yaligeuka waridi, kisha mekundu kama maji ya bitiruti.

Sponji moja chafu kutoka kwangu na ndoo chache za maji mapya zingewaokoa. Juu ya kabati, vikombe vyake vitatu viling'aa, vimepanguswa vumbi asubuhi hiyo hiyo.

"Sema basi! Rangi gani?" Hatua zake zilikuwa zikija kutoka jikoni.

Nilikifumba kichupa kiganjani.

"Manjano," nilisema. "Wana njaa tu hao. Waongezee chakula."