Kisu Ndani ya Mkoba

Kisu alichokikuta kwenye mkoba wa mkewe hakikuwa kazi ya mkono wake.

Alikuwa akitafuta kiberiti tu. Fundi visu mzima, visu vyake viko mifukoni na viunoni mwa nusu ya mji, halafu mke wake wa ndoa anatembea na kisu cha mtu mwingine. Afadhali angekuta barua ya mapenzi. Barua angeichana, basi.

Alikikunjua. Kilikuwa kisu cha mfukoni, kifupi, cha kukatia kamba na kumenyea matunda. Alilitikisa bapa kulia na kushoto, halikucheza. Alilikandamiza mgongoni kwa nguvu lijikunje, lakini kile chuma kidogo cha kulizuia kilishika imara. Akajaribu makali kwenye mkono wake wa kushoto. Vinyweleo vikatoka kama vumbi. Hapo roho ikamuuma zaidi, maana vyake vya kukunja huanza kucheza havijamaliza hata msimu mmoja, na yeye mwenyewe anajua.

"Hiki nani kakutengenezea?" alimuuliza mkewe jikoni.

Mkewe alikitazama kisu, kisha akamtazama yeye. "Kwani ni kibaya, mume wangu?"

Alikiweka mezani, akaenda kazini bila kunywa chai.

Pale kibandani alimkuta mpimaji ardhi, mteja wake wa siku nyingi, ameleta shoka linolewe. Kiunoni alikuwa na ala mpya ya ngozi. Fundi aliomba kuona kilichomo, na mpimaji akaona haya kama mtu aliyefumaniwa. Alieleza kwamba kile kisu alichonunua hapa kilimvunjikia porini akipasua kuni kwenye mvua. Mpini ulibaki mkononi, bapa likabaki kwenye gogo, naye akalala bila moto, meno yakimgongana kama cherehani. Hiki kipya chuma chake kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho. Unaweza kukigonga mgongoni kwa kipande cha mti, na mti ndio utakaochoka.

"Usinichukie, fundi," alisema. "Cha mjini kikivunjika unanunua kingine. Kule nanunua kwa nyani?"

"Hiki umenunua wapi?"

"Kwa Kobe, nyuma ya soko."

Kobe! Basi hata kile cha mkobani kimetoka kwake. Yule muuza misumari na bawaba, shingo imezama mabegani, suruali kaivuta mpaka kifuani. Angekuwa kijana mwenye umbo la kuvutia, fundi angeumia lakini angeelewa. Sasa Kobe, jamani?

Alikigeuza kisu cha mpimaji kwenye mwanga. Mgongo wa bapa ulikuwa na rangi ya samawati, makali yamebaki meupe. Rangi ile haiji yenyewe. Huja kwa mtu anayefukia makali kwenye mchanga mbichi, akaupasha moto mgongo peke yake, ili kisu kiwe kigumu pa kukatia na kisivunjike kinapogongwa. Ilikuwa siri yake, ingawa siku hizi alikuwa anairuka kwa uvivu. Na mtu aliyewahi kumwona akiifanya ni mmoja tu: mkewe, enzi zile alipokuwa akimvutia mivukuto ya kupulizia moto, kabla fundi hajanunua feni ya umeme na kumwambia akapumzike nyumbani.

Kwa hiyo Kobe hakupewa mapenzi peke yake. Alipewa na kazi. Mapenzi pengine fundi angeyameza, hata kwa shida. Lakini kazi?

Mengine yakajipanga yenyewe kichwani. Mkewe kutoka kila asubuhi, eti anakwenda kwa shoga yake. Kurudi ameshaoga, nywele zinanukia sabuni. Kuimba akipika, mwanamke aliyekuwa kimya kwa miaka kama redio iliyokatika waya. Nani kamwasha?

Fundi alimrudishia mpimaji kisu chake, akafunga kibanda, akashika njia ya sokoni. Hakubeba chombo chochote. Alijijua.

Nyuma ya duka la Kobe nyundo ilikuwa ikilia: mapigo mawili mazito, moja jepesi, mawili mazito, moja jepesi. Alisimama akasikiliza. Hivyo ndivyo apigavyo yeye. Mpaka mdundo wamemwibia.

Aliingia bila hodi. Kobe alikuwa mezani, anapaka ala mafuta.

"Karibu, shemeji."

Shemeji! Fundi alimvuta kwa kola mpaka ala zikaanguka chini. Alimwambia amrudishie mke na amrudishie kazi yake, vyote viwili, leo hii, na kwamba kama anajiita mwanamume aonyeshe mikono iliyotengeneza vile visu.

Kobe aliinyoosha. Fundi aliishika, akaigeuza. Viganja laini kama vya karani. Hakuna sugu, hakuna kovu la cheche, kucha safi.

"Mimi nauza tu, shemeji," Kobe alisema.

Nyuma ya pazia nyundo haikuwa imenyamaza.

Fundi aliiachia ile mikono polepole. Alizunguka meza, akalivuta pazia.

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya moto, aproni ya ngozi imembana kifuani, koleo mkono mmoja, nyundo mkono wa pili. Hakuinua macho.

"Ingia au toka, mume wangu," alisema. "Upepo unanipozea chuma."