Samaki wa Mzee Mwinshehe

Samaki wawili waliobaki walikuwa wamepanda juu ya maji wakitweta, midomo wazi. Raya alijua kwamba asipofanya kitu leo, kesho atazika tena.

Tangi la vioo lilikuwa juu ya meza kando ya kitanda cha baba yake, upande wa mkono wake wa kulia. Tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi na nusu ya mwili, Mzee Mwinshehe hakuwa na starehe nyingine ila kuwatazama samaki wake wa mapambo, wale wekundu wa kung'aa. Wakifa hawa, na baba naye atakata tamaa. Hilo ndilo lililomnyima Raya usingizi.

"Mambo ya dunia haya," alisema Hamza, mumewe. "Baba anapata nafuu, samaki wanaugua."

Ni kweli, siku hizi mzee alikuwa amechangamka, na mkono wa kulia uliweza hata kushika kikombe. Sifa zote zilikwenda kwa Hamza. Zamani wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja, kisa shamba la Mlali ambalo mzee aligoma liuzwe. Lakini ugonjwa ulipoingia, Hamza aligeuka mtoto wa kuzaa. Kila alfajiri alimpikia mkwewe uji wa ulezi kwa mkono wake, akamwekea kando ya kitanda, ndipo akaenda kufungua duka lake la pembejeo. Wanawake wa mtaani walimwonea Raya wivu, nao walikuwa na haki.

Raya alimpigia simu Alois, mfuga samaki wa Bigwa.

"Achana na madawa, dada," Alois alisema. "Tibu maji, samaki watapona wenyewe. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo hadi kesho yake, ile harufu ya dawa itoke. Kila siku punguza kidogo, ongeza kidogo. Ukibadilisha yote kwa mpigo, umewaua."

Raya alifuata kila neno. Hamza alimletea ndoo mpya na mpira wa kunyonyea maji kutoka dukani kwake. Mvua za Uluguru zilikuwa zimeyafanya maji ya bomba kuwa na rangi ya udongo, kwa hiyo aliyachuja kwa kitambaa. Jioni samaki waliogelea vizuri. Asubuhi ya pili maji yalikuwa na ukungu, na samaki wamelala ubavu.

Ikawa hivyo siku baada ya siku, mpaka akaanza kuogopa kuingia chumbani mle. Alihisi kuna mkono wa mtu.

Na ulikuwepo. Asubuhi moja alirudi kuchukua kanga aliyoisahau, akamkuta baba yake ameinua kikombe cha uji, anaumimina tangini. Mzee alimtumbulia macho. Akagonga kikombe kwa kidole, kisha kioo cha tangi. Kikombe, kioo. Kikombe, kioo.

Raya alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kumbe muuaji ni mapenzi! Baba anagawana uji na samaki wake, uji unaoza majini, samaki wanakosa hewa.

Jioni alimsimulia Hamza. Hamza hakucheka.

"Tangu lini?"

"Nadhani tangu aweze kushika kikombe."

Hamza aliingia chumbani moja kwa moja. Kisha akalibeba tangi mwenyewe mpaka sebuleni, maji yakimlowesha shati.

"Kuanzia kesho kaa naye, umlishe kwa kijiko," alisema. "Mgonjwa haulizwi uji."

Samaki walipona. Katika maji yaliyolazwa vizuri walirudi kung'aa, wakawa wanakifuata kidole cha Raya kwenye kioo. Chumbani mambo yalikuwa mengine. Kijiko kikikaribia, mzee alifunga meno na kugeukia ukutani. Nguvu za mkono zikaanza kumtoka tena.

"Anawakumbuka samaki wake," Raya aliwaambia majirani, na roho ilimuuma kweli. Basi akazidi kumbembeleza, akimminya mashavu taratibu kama mtoto mkaidi, mpaka anameza.

Jumamosi, Hamza akiwa mlangoni kabla ya kwenda dukani, mzee hakupinga. Alimeza kijiko baada ya kijiko, macho yakiwa juu darini, mpaka akachoka kabisa. Kikombeni kilibaki kijiko kimoja. Raya alimfuta kidevu. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba masalio ya mzazi hayatupwi. Mtoto huyala, akapata baraka. Akakipeleka kile kijiko cha mwisho mdomoni mwake.

Hamza aliruka kutoka mlangoni, akampiga mkono, kijiko kikagonga ukuta.

"Wewe usile!"